Damu inapanda, inashuka tena: nifanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Tanga, nina watoto wawili na duka la vitenge. Uzito wangu ni kilo 60. Mwaka jana nilianguka dukani nikapelekwa hospitali, wekundu wa damu ukaonekana 6.6. Niliongezewa chupa mbili za damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu vya miezi miwili. Vilipoisha nikapima, 9.4, nikaambiwa naendelea vizuri. Ukweli ni kwamba vilinifunga choo na kuniuma tumbo, nikawa naviruka, nikawa navimeza na chai ya asubuhi ili visinichefue. Baada ya hapo sikuendelea tena. Nimekunywa rozela na juisi ya bitiruti, nimekula mchicha karibu kila siku. Juzi nimepima tena, 8.1. Nikipanda ngazi moyo unadunda, nywele zinakatika, usiku miguu haitulii. Halafu, naona hata aibu kusema, nakula sana udongo na barafu. Hedhi yangu inachukua siku nane na imekuwa nyingi tangu niweke kitanzi miaka mitatu iliyopita, ila niliambiwa ni kawaida. Dada yangu aliyeko Muscat aliwekewa dripu ya chuma siku moja tu akapona. Je, niongezewe damu tena, nitafute hiyo dripu, au kuna dawa nyingine inayofanya kazi?

JIBU: Marahaba dada. Umeeleza vizuri, na katika maelezo yako umeshataja karibu kila kitu ninachohitaji kujua. Nianze na jibu fupi. Kwa Hb (wekundu wa damu) ya 8.1, ukiwa unatembea na unafungua duka lako, huhitaji kuongezewa damu sasa. Unahitaji chuma cha kutosha, umeze kwa namna ambayo mwili utakipokea, au kipitie mshipani kama tumbo limekikataa kabisa. Na sambamba na hilo, wiki hii hii, unahitaji mtu ashughulikie hizo siku nane za hedhi, kwa sababu kwa kila dalili damu yako inapotelea hapo. Hilo lisipofanyika, dawa yoyote utakayopewa itakuwa ni kutia maji kwenye pakacha.

Tazama namba zako tena. Chupa moja ya damu humpandisha mtu mzima Hb kwa takriban gramu 1 kwa desilita. Ulikuwa 6.6, ukapewa chupa mbili, maana yake ulitoka wodini ukiwa karibu na 8.6. Miezi miwili baadaye ulikuwa 9.4. Kwa hiyo vidonge vyote vile vilikupandisha kwa chini ya gramu 1, wakati vikimezwa sawasawa na damu haivuji kwingine tunategemea kupanda kwa gramu 1 hadi 2 ndani ya mwezi mmoja tu. Aliyekuambia unaendelea vizuri aliangalia namba ya mwisho, hakuangalia ilikotoka. Nami sisemi vidonge havifanyi kazi kwako. Nasema bado havijajaribiwa inavyotakiwa.

Sasa hedhi. Madaktari huiita nyingi pale mwanamke anapopoteza zaidi ya mililita 80 kwa mzunguko mmoja. Hakuna anayepima hedhi kwa kikombe, kwa hiyo tunauliza mambo mengine. Je, pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili? Unavaa mbili kwa pamoja, au unaongeza kitambaa juu yake? Unaamka usiku kubadilisha? Yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 200? Zile siku mbili za mwanzo unaogopa kukaa kwenye kiti cha watu? Ukijibu ndiyo kwa mawili au matatu kati ya hayo, hedhi yako ni nyingi, na zikizidi siku saba ndiyo kabisa.

Nikuoneshe kwa hesabu kwa nini mchicha haukuokoa. Mililita moja ya damu yenye wekundu wa kawaida hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 150 kwa hedhi moja amepoteza takriban miligramu 70. Kutoka kwenye chakula cha kila siku mwili hupokea miligramu 1 hadi 2 tu, na karibu miligramu 1 hupotea kila siku hata bila hedhi, kupitia ngozi na utumbo. Kinachobaki kwa mwezi mzima, hata ukila vizuri, ni miligramu 30 hivi. Unaingiza 30, unatoa 70. Mwili wenye njaa ya chuma hujitahidi kuvuta zaidi kwenye chakula, lakini haufiki mbali. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukula ipasavyo. Wanawake wengi wanaokuja kwangu wameshaambiwa na kila mtu nyumbani kwamba hawali mboga, na wanazila kila siku.

Kuhusu kitanzi: kama ulichowekewa ni cha shaba, ambacho ndicho kinachopatikana zaidi vituoni kwetu, ni njia nzuri sana ya uzazi wa mpango. Hakina homoni na kinakaa miaka 10 au zaidi. Lakini kinaweza kuongeza damu ya hedhi, kwa baadhi ya wanawake hadi nusu ya ile waliyokuwa wakipata mwanzo. Aliyekuambia ni kawaida hakukudanganya, kwa sababu hutokea kwa wengi. Mwanamke aliyeanza na akiba nzuri ya chuma analimudu ongezeko hilo. Wewe huwezi, na hilo lilipaswa kuonekana siku ile ulipopimwa 6.6.

Usikurupuke kwenda kukitoa kesho bila kuwa na njia nyingine mkononi. Mimba inayoingia juu ya Hb 8.1 ni hatari kwako na kwa mtoto, na kutokwa damu kidogo tu wakati wa kujifungua kunaweza kukumaliza. Nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake, waeleze hali yote, na kwanza upigwe ultrasaundi ya kizazi. Uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, huwapata sana wanawake wenye asili ya Afrika kuanzia miaka ya 30, na inawezekana kabisa kitanzi kinabeba lawama ambayo si yake peke yake. Kama kizazi kiko safi, mnaweza kujadili kuhamia kwenye kitanzi chenye homoni, ambacho hupunguza damu ya hedhi kwa zaidi ya asilimia 80 baada ya miezi michache. Hakipatikani kila kituo, lakini uliza. Kisipopatikana kuna sindano ya miezi mitatu, ambayo kwa wengi hukausha hedhi kadiri inavyoendelea kutumika, na kuna vidonge vya majira. Vidonge vya majira havimfai kila mtu, hasa mwenye presha au aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mshipa.

Kuna pia dawa inayoitwa asidi ya traneksamiki. Humezwa siku zile tu ambazo damu ni nyingi, kwa kawaida siku nne hadi tano, halafu unaacha hadi mwezi unaofuata. Haina homoni na hupunguza damu kwa kiasi kinachoonekana. Nashangaa ni mara chache kiasi gani wanawake huandikiwa dawa hii, wakati ipo kwenye maduka mengi ya dawa ya mjini. Iandikwe na daktari, maana aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu haruhusiwi kuitumia.

Hedhi ndiyo ninayoishuku zaidi, lakini isitufumbe macho. Kwenye ukanda wa pwani minyoo ya safura bado ipo: huingia kupitia nyayo za miguu, hujishika kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo mchana na usiku. Mtu mwenye minyoo mingi hupoteza damu kila siku bila kuona hata tone. Pima choo, na hata kisipoonesha kitu, dozi moja ya albendazoli ya miligramu 400 ni nafuu na ni salama kwa mtu asiye na mimba changa. Ukiona mkojo una damu, pima kichocho. Jiulize pia kama una vidonda vya tumbo, na kama una mazoea ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo au ya hedhi, kwa sababu dawa hizo huchubua tumbo na kulivujisha damu taratibu. Na niseme hapa kwa wasomaji wengine: mwanamume mwenye upungufu wa chuma, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, asipewe vidonge na kurudishwa nyumbani. Huyo ni lazima tumbo na utumbo mpana viangaliwe kwa kamera, kwani saratani ya utumbo huweza kujitangaza kwa njia hiyo hiyo.

Tuje kwenye vipimo. Chukua ile karatasi ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, uliyopewa juzi, usiishie kwenye mstari wa Hb. Shuka hadi palipoandikwa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Ikiwa chini ya 80, chembe zako ni ndogo, na hiyo ndiyo picha ya kukosa chuma. Picha hiyo hiyo, hata hivyo, inaweza kutokana na thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao si mgeni hapa pwani, na mwenye thalasemia pekee haongezeki kitu kwa kumeza chuma. Ndiyo maana nataka upime feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, chini ya 15 ni akiba iliyokwisha. Mimi, kama madaktari wengi, kwa mwanamke mwenye dalili kama zako naanza kutibu ikiwa chini ya 30. Lakini feritini hupanda yenyewe mwili ukiwa na maambukizi au homa, na hapo shirika hilo hilo linataka tuishuku hadi 70. Usiende kuipima ukiwa na malaria. Na kile kipimo cha chuma cha kwenye damu pekee, ambacho baadhi ya maabara hukipendekeza kwa sababu ni rahisi, kiache. Hubadilika asubuhi na jioni, na hupanda mara tu ukimeza kidonge.

Jambo dogo lakini linasumbua: pima Hb sehemu moja, kwa mashine ile ile. Kile kifaa cha kuchoma kidole na mashine kubwa ya maabara vinaweza kutofautiana kwa karibu gramu nzima, na nimeona watu wakifurahi au kulia kwa tofauti ambayo ni ya mashine tu.

Haya, vidonge. Hapa ndipo pana kazi kubwa, na ndipo nataka unisome polepole.

Deni lako la chuma tunaweza kulikadiria. Uzito wako kilo 60, mara upungufu wako kutoka 8.1 hadi 13, mara 2.4, ongeza miligramu 500 za kujaza ghala. Inakuja takriban miligramu 1,200 za chuma halisi. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina karibu miligramu 65 za chuma halisi, na katika hizo, mwili wenye njaa kama wako huchukua labda 10, kidonge kikimezwa vizuri. Gawanya: ni vidonge 120, bila kuhesabu unachoendelea kupoteza kila mwezi. Sasa unaona kwa nini miezi miwili ya kuruka ruka isingetosha hata kama chai isingekuwepo.

Na chai ilikuwepo. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chuma kinachotokana na mimea au kidonge hukinasa tumboni, na kupokelewa kwake kunaweza kushuka kwa zaidi ya nusu. Chai ya maziwa haina nafuu, kwa kuwa maziwa nayo yana kalisi inayozuia. Kahawa pia huzuia, ingawa si kwa kiwango cha chai. Kwa hiyo fanya hivi: ukiamka alfajiri, kabla ya kufanya jingine, meza kidonge kimoja kwa maji matupu au juisi ya chungwa. Kisha endelea na shughuli zako, na chai na kifungua kinywa vije baada ya saa moja. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kwa sababu homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo hupanda kadiri siku inavyosogea. Vidonge vya vitamini C si lazima. Kama dawa ya kiungulia ya kutafuna ni sehemu ya maisha yako, au unameza omeprazo, mwambie daktari, maana chuma huhitaji asidi ya tumbo. Anayetumia dawa za tezi ya shingo atenganishe kwa saa nne. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri ameze ARV saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake, au ameze vyote pamoja na chakula. Hili la ARV nalisisitiza, kwa sababu chuma kikimezwa vibaya hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kimoja kwa siku. Si viwili, si vitatu. Najua kwa miaka mingi wagonjwa wameandikiwa kidonge kimoja mara tatu, na wapo wanaoandikiwa hivyo hadi leo. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha mwaka 2015 na 2017 kazi iliyobadilisha mtazamo wa wengi wetu. Walionesha kwamba ukimeza dozi ya miligramu 60 au zaidi, homoni ile niliyoitaja, hepsidini, hupanda na kubaki juu kwa karibu saa 24, na kidonge kinachofuata ndani ya muda huo hupokelewa kwa kiasi kidogo zaidi. Kisichopokelewa hubaki utumboni, nacho ndicho kinachokufunga choo, kukuuma tumbo na kukuchefua. Wanawake waliomeza siku moja na kuruka moja walipokea sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Kwa hiyo kama kimoja kila siku kinakushinda, usiache: meza siku moja, ruka moja. Kwa Hb yako ningependa kila siku kwa kuwa tunataka kwenda haraka kidogo, lakini kidonge cha siku mbadala unachokimeza kweli kina faida kuliko cha kila siku kinachobaki kwenye droo.

Kichefuchefu kikizidi hata hivyo, kimeze usiku wa kulala, saa mbili au zaidi baada ya chakula. Kama bado, kula kipande kidogo cha kitu pamoja nacho. Utapoteza kiasi cha chuma lakini utaendelea na dawa. Aina pia zinatofautiana: glukoneti ya chuma ina chuma kidogo zaidi kwa kidonge na baadhi ya watu huivumilia vizuri. Choo cheusi ni kawaida ukiwa kwenye vidonge hivi, kisikutishe. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali, hasa kama umeacha vidonge, hicho ni damu na ni cha kukimbiza hospitali. Kwa choo kigumu, maji mengi, papai na mboga husaidia, na kama havitoshi daktari anaweza kukuandikia dawa ya kulainisha. Zile dawa za maji za kuongeza damu kwenye chupa za kupendeza, soma nyuma: nyingi zina vitamini tele na chuma kidogo. Kwa mwenye 8.1 hazitoshi.

Mwezi mmoja ukimeza hivi, rudi upime. Ikipanda gramu 1 au zaidi, tuko njiani. Isipopanda, na una hakika hukuruka, basi hapo ndipo dripu inapoingia.

Dada yako wa Muscat ana bahati, lakini hakupona siku ile. Alijaziwa ghala siku ile. Uboho wa mifupa ndio unaotengeneza chembe, nao unahitaji wiki kadhaa hata ukiwa na chuma chote duniani. Dripu ya chuma ni tiba halali na nzuri, na ninaitumia: kwa anayeshindwa vidonge kabisa, kwa ambaye damu inavuja kwa kasi kuliko utumbo unavyoweza kupokea, kwa mjamzito wa miezi ya mwisho mwenye Hb ya chini, kwa anayesubiri upasuaji wa fibroidi. Hofu ya zamani juu yake ilitokana zaidi na aina za kale zilizosababisha mzio mkali. Za sasa mzio mkali ni nadra, ila lazima itolewe mahali penye muuguzi, dawa za dharura na uangalizi wa nusu saa baadaye, siyo nyumbani na siyo duka la dawa.

Ziko aina mbili utakazozisikia zaidi. Feriki kaboksimaltosi huweza kuingiza hadi miligramu 1,000 kwa dakika 15, nadhani ndiyo aliyopata dada yako. Ayoni sukrosi huingia miligramu 200 kwa kila safari, kwa hiyo kwa deni lako la 1,200 utarudi mara sita. Ya kwanza ni ghali zaidi kwa chupa, lakini jumlisha nauli na siku za kufunga duka kabla ya kuamua. Ulizia bei na bima kabla ya siku yenyewe. Wakati dripu inaingia, ukisikia kuungua au ngozi kuvimba pale sindano ilipo, sema hapo hapo, kwa sababu chuma kikivuja chini ya ngozi huacha doa la kahawia ambalo linaweza kukaa miaka. Feriki kaboksimaltosi, hasa ikirudiwa, inaweza kushusha madini ya fosfeti. Uchovu na maumivu ya mifupa wiki zinazofuata ni vya kuripoti. Sindano za chuma za kuchoma kwenye makalio sizipendekezi kabisa. Zinauma, zinachafua ngozi, na hazizidi dripu kwa lolote.

Kuongezewa damu tunakuweka akiba kwa wakati wa hatari. Chupa moja ina chuma cha miligramu 200 hadi 250 tu, kwa hiyo hata chupa mbili hazikukaribia kulipa deni lako, na kila chupa ina uwezekano wake, hata kama ni mdogo, wa mzio au maambukizi. Lakini hili lisikufanye ubaki nyumbani siku ambayo mambo yamegeuka. Ukikosa pumzi ukiwa umekaa, kifua kikauma, ukazimia au kukaribia kuzimia, moyo ukaenda mbio bila wewe kufanya lolote, au pedi zikawa zinajaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, nenda hospitali muda huo huo, mchana au usiku.

Udongo na barafu. Usione aibu. Kutamani udongo, barafu au mchele mbichi ni dalili inayojulikana sana ya kukosa chuma, na hamu ya barafu mara nyingi hupotea ndani ya siku au wiki chache za kuanza chuma, kabla hata Hb haijapanda vya kutosha. Barafu haina madhara makubwa zaidi ya kwenye meno. Udongo ndio tatizo: hunasa chuma tumboni, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Miguu isiyotulia usiku nayo inahusiana na chuma na kwa kawaida hupata nafuu. Nywele huchelewa, tarajia miezi mitatu hadi sita.

Kwenye chakula sitakaa sana, kwa sababu hesabu tumeiona. Rangi nyekundu ya rozela na bitiruti haina uhusiano na wekundu wa damu. Bitiruti ina chini ya miligramu 1 ya chuma katika gramu 100. Mchicha una chuma lakini mwili hupokea sehemu ndogo. Chuma kinachoingia vizuri ni cha maini, nyama, dagaa na samaki, na kipande kidogo cha samaki kwenye sufuria ya maharage au mboga husaidia hata chuma cha mboga kupokelewa. Kamulia limau au kula embe, pera au chungwa pamoja na mlo. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito ayapunguze kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Ukifika 12, tafadhali usiache. Hapo umejaza damu, ghala bado tupu. Endelea na vidonge miezi mitatu mingine, kisha upime feritini. Napenda kuiona ikiwa 50 au zaidi kabla ya kumwachia mgonjwa. Baada ya hapo pima FBP kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza. Ikianza kushuka tena, tunarudi kwenye kizazi na utumbo, na hapo ningependa uonane na mtaalamu wa magonjwa ya damu. Hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC wanapatikana.

Hali yako si ya peke yako. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliwakuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu, na wengi wao wanaendelea kufungua maduka, kulima na kulea wakidhani ni uchovu wa kawaida.

La mwisho ni watoto wako. Wapeleke wapimwe Hb, lakini usiwagawie vidonge vyako. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, jirani yako kabisa, ambako watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika eneo lenye malaria nyingi walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Tangu hapo chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria huenda sambamba na chandarua, kupima na kutibu malaria, na dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto. Vidonge vya mtu mzima vikimezwa kwa wingi na mtoto ni sumu inayoweza kuua, na vingi vina rangi kama pipi. Viweke juu ya kabati, kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, na mtoto akivimeza hata vichache usisubiri atapike: mwahishe hospitali na ubebe kopo lenyewe.